Kombe la Kunywa

Mimi sijui kukaa. Katika picha za harusi za wanangu nimetoka kama moshi, kwa sababu mpiga picha alipobonyeza mashine yake nilikuwa nishainuka. Redio ikianza kutangaza mpira ndiyo basi kabisa. Naanzia jikoni, naenda dirishani, narudi, nafunua sufuria ambayo haijachemka, naifunika tena. Mjukuu wangu mmoja aliniuliza kwa nini sikai nikasikiliza kama watu. Nikamwambia mpira hausikilizwi kwa makalio. Alicheka, lakini mimi sikuwa natania.

Bibi yangu alikuwa akisema nimekalia siafu. Nyumba tuliyokaa Kibokoni ilikuwa yake, na kwa desturi ya wakati huo baba alikuja kukaa kwa mkewe, si mke kwa mumewe. Kwa hiyo nililelewa katikati ya watu wa mama. Aliyekuwa karibu nami zaidi ni mjomba, ndugu mdogo wa mama, ambaye hakuwa ameoa bado. Alilala chumba cha chini. Alikuwa seremala, na vumbi la mbao lilimfuata mpaka kitandani. Viganja vyake vilikuwa vipana kama sahani za pilau, na viganja hivyo ndivyo vilivyomfanya golikipa wa timu ya mtaa wetu.

Alianza kunichukua uwanjani nikiwa bado wa kubebwa begani. Timu yetu ilicheza Makadara, na nyuma ya goli moja palikuwa na ukuta mfupi wa mawe. Huko ndiko alikoniweka. Wanawake hawakuja mpirani, lakini mtoto wa kike hakuwa mwanamke bado, na hakuna aliyenihesabu. Nilikaa pale, au tuseme nilisimama, nikaruka, nikashuka, nikapanda, na kila mpira ulipokuja upande wetu miguu yangu iliupiga pamoja na wao. Mjomba alinifundisha kumsoma mpigaji. Aliniambia nisitazame mguu, kwani mguu ni muongo, nitazame kiuno. Mpaka leo nikimwona mtu anakuja kwangu na shida, kwanza namtazama kiuno.

Siku ambazo hapakuwa na mechi tulicheza wenyewe vichochoroni, wavulana na wasichana, kwa mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya usumba wa nazi. Kichochoro chetu kilikuwa chembamba hata mabeki wawili hawakupishana, na kila mkwaju uliokwenda juu uliangukia kwa muuza halwa wa pembeni, ambaye hakuwa na huruma. Mpira ukishaingia dukani kwake hautoki. Nadhani yule mzee alikuwa na mipira mingi kuliko timu zote za Mombasa, na sijui aliifanyia nini.

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini mchele bado ulikuwa wa kupimiwa na watu walikuwa bado na mazoea ya kuogopa kuwasha taa usiku. Mabaharia wa manowari walikuwa wametuachia mipira ya kweli, ya ngozi, na mitaa ikaanza kushindana kwa nguvu mpya. Mahasimu wetu walikuwa vijana wa upande wa Mbaraki. Walifanya kazi gatini, wakipakia na kupakua magunia, na mapaja yao yalikuwa ya kutisha. Walitufunga msimu baada ya msimu. Tulipofungwa, Kibokoni nzima ilikula chakula cha usiku kimyakimya, na asubuhi yake watu wa gatini walipita makusudi mbele ya baraza zetu wakituamkia kwa heshima zote, moja baada ya nyingine, habari za nyumbani, habari za wazee, habari za afya, huku midomo yao ikiwacheza. Hapana matusi yaliyouma kama salamu zile.

Ndipo Mbohora mmoja, Mhindi mwenye duka la vitambaa, akatoa kombe. Aliliweka dukani mbele, katikati ya majora ya marekani, na mimi nilikwenda kulitazama kila nilipotumwa, na hata nilipokuwa sikutumwa. Lilikuwa la rangi ya fedha, lina masikio mawili. Siku moja mwenyewe alitoka nje akaniambia kwa upole kwamba haliuzwi. Nikamwambia najua, sisi tutalichukua bure.

Tulifika fainali, na tuliokutana nao, nani tena, ni watu wa Mbaraki. Na wiki ile ile mama akaniita chumbani, akanionyesha buibui jipya jeusi lililokunjwa juu ya kitanda. Aliniambia mambo ambayo mama huwaambia binti zao. Nilikuwa nimekua. Sasa nitatawa, nikae ndani kama wenzangu, na nikitoka nitatoka na mtu mzima, kwa haja, nikiwa nimejifunika. Habari ya Makadara haikutajwa hata kutajwa. Niliuliza mimi. Nilimwomba fainali moja tu, halafu nitatawa mpaka ninyauke. Mama akasema hapana, na mama alikuwa mtu wa kusema hapana mara moja.

Usiku ule wakati wa kula nilimtazama mjomba. Nilijua atasema neno. Yeye ndiye aliyeniweka kwenye ukuta ule, na neno lake kwa dada yake lilikuwa na uzito. Alimega mkate, akachovya, akasema mambo hayo ni shauri la wanawake. Nilisimama nikaenda kuosha mikono ambayo ilikuwa safi.

Siku ya fainali ilipofika nilizunguka nyumba ile tangu alfajiri. Nilipanda darini, nikashuka, nikafagia ua uliokwisha kufagiwa. Wachezaji walikutana asubuhi kwenye baraza yetu, chini ya dirisha la bibi, na mmoja wao akasema kwa sauti ya huzuni kwamba wakilikosa kombe safari hii, wamekwisha. Kisha wakaondoka pamoja kwenda kupumzika nyumbani kwa nahodha, waende mpirani kutoka huko.

Bibi akaniita. Alikuwa ameketi na tasbihi yake, uso umekunjamana.

"Hao vijana wataka kombe tangu lini?" aliniuliza.

Nikamwambia tangu zamani, na kila mwaka walikosa. Akauliza kama mjomba wangu naye ni mmoja wao. Nikasema yeye ndiye alitakaye kuliko wote, hata usingizi hapati. Bibi akajipiga paja.

"Na sisi twakaa na mwalimu ukuta kwa ukuta," alisema. "Hapana hata mmoja aliyewaandikia?"

Hapo nikaelewa. Bibi hakuwa na habari na Mbohora wala na kitu chochote chenye masikio mawili. Kwake yeye kombe lilikuwa moja tu: aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Mimi mwenyewe alininywesha mara nyingi, kwa homa, kwa ndoto mbaya, na mara moja kwa kutotulia, ambapo halikufaa kitu. Sasa alikuwa amesikia kwa masikio yake kundi zima la vijana wenye nguvu wakilia kwamba miaka yote hii wanataka kombe na hawalipati, na wakilikosa tena wamekwisha. Kila nilichomjibu kilikuwa kweli. Sikumsahihisha, na ningeulizwa leo nisingemsahihisha.

Mwalimu aliitwa. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa na hati nzuri na mkono mzito, na bibi alimwambia wagonjwa ni wengi, aandike sahani kubwa. Nilisimama mlangoni nikimtazama akichovya kalamu katika zafarani, herufi moja, anapumua, herufi nyingine, anapumua. Nilitaka kumnyang'anya kalamu. Adhuhuri ikaadhiniwa, akaacha akaenda kusali, akarudi, akaendelea pale pale. Alipomaliza, maandishi yakaoshwa, maji ya rangi ya manjano yakatiwa katika chupa ya sharbati, na wachezaji walikuwa wameshakwenda Makadara. Bibi akatazama chupa, akanitazama mimi.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akasema mwana ameshavishwa buibui, watu watasema nini. Bibi hakuinua hata sauti.

"Watu wataona kombe," alisema. "Hawatamwona yeye."

Kisha akaniambia nishike chupa kwa mkono wa kulia, nisikimbie, nisimwage. Katika hayo matatu nilitimiza mawili. Buibui lilikuwa refu, mama alikuwa amelipima kwa miaka ijayo, nikalibana kwa meno na kukimbia. Nilipita mabaraza bila kumwamkia mtu, nikasikia nyuma yangu mzee mmoja akiuliza huyu ni mtoto wa nani asiyekuwa na adabu. Sikuwa na nafasi ya kumjibu. Jua lilikuwa kali, na ndani ya kile kitambaa cheusi nilihisi kama mkate uliosahauliwa katika tanuri, lakini moyo wangu ulikuwa mweupe. Nilikuwa nakwenda mpirani, tena kwa amri ya bibi.

Wachezaji walikuwa kivulini wakifunga kamba za viatu, wale waliokuwa na viatu. Nikaeleza nimetumwa na nani na nimeleta nini. Mmoja akaelewa, akaanza kucheka, na kicheko kikawapitia wote mpaka nahodha akajifuta macho. Lakini hapana aliyethubutu kumrudishia bibi chupa yake. Nahodha akasema bismillahi akanywa, akampa mwenzake. Beki wetu mmoja alikuwa kijana wa Kigiriama, Mkristo, mfanyakazi wa reli, na chupa ilipofika kwake wenzake wakasita. Akaichukua mwenyewe. Akasema dawa haimuulizi mtu Jumapili huwa wapi, na akapiga mafunda mawili makubwa. Mjomba alikuwa wa mwisho. Alinitazama juu ya chupa, akatikisa kichwa, na niliona kwamba amefurahi.

Watu wa Mbaraki walikuwa wakituangalia kutoka upande wa pili. Dawa ni dawa, na wao hawakuletewa. Nahodha wao akaenda mbio kwa refa kulalamika. Refa alikuwa baharia wa Kiingereza, mwekundu kama kamba wa kupikwa, na Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili, jambo na haraka. Nahodha akamshitakia kwamba watu wa Kibokoni wamekunywa kombe kabla ya mechi. Karani mmoja aliyesimama karibu akajitolea kutafsiri, na akatafsiri kama alivyosikia. Refa akageuka akatazama meza chini ya mwavuli, mahali Mbohora alipoketi na kombe lake limesimama mbele yake. Akaenda pale. Akalichukua, akachungulia ndani, akaligeuza juu chini, akalitikisa. Halikutoka hata tone. Akalirudisha mezani, akamtazama nahodha wa Mbaraki kwa muda, kisha akapuliza filimbi ili mchezo uanze. Watu walicheka hata mtu mmoja akaanguka kutoka ukutani, na kwa kuwa alikuwa mahali pangu, nikapapanda.

Kazi niliyotumwa ilikuwa imekwisha. Nilipaswa kurudi. Sikurudi.

Walitufunga mapema. Mpira ulipigwa kutoka mbali, mjomba akaugusa kwa ncha za vidole, ukagonga mti wa goli ukaingia. Alijizoazoa mchangani bila kutazama nyuma. Nilimwambia polepole si kosa lake, ingawa hakuweza kunisikia. Baada ya hapo tulibanwa. Wale watu walikuja kama wanapakua meli, mmoja anapokea kwa mwingine, na mjomba akaruka kushoto, akaruka kulia, akadaka mpira mmoja kifuani ambao nilisikia mlio wake mpaka pale nilipokuwa. Mapumziko yalipoisha timu zikabadilishana magoli, mjomba akaja upande wa ukuta wangu, na tukasawazisha. Winga wetu, kijana mwembamba ambaye kwa kawaida alipiga chenga hata asipoambiwa, safari hii hakupiga chenga. Alipiga moja kwa moja. Nikaona mpira unapita miguu ya watu wote, na nikapiga kelele ambayo sijawahi kupiga tena, hata katika kuzaa.

Nilikuwa nimesimama juu ya ukuta. Buibui lilikuwa limenishuka kichwani mpaka mabegani. Sikuwa na habari na nywele zangu wala na watu. Kulikuwa na wanaume wawili karibu, mashabiki wa Mbaraki, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kumbe Kibokoni wameleta mpaka bibi harusi. Mwenzake akamwita mjomba, akamwambia asicheleweshe ndoa, mchumba amemfuata hadi golini. Wakacheka. Mimi niliwasikia kama nilivyosikia kunguru. Tulikuwa tumepata kona upande wa pili, timu yetu nzima imekwenda mbele pamoja na mabeki, na nilikuwa nimejinyoosha kwa vidole nione.

Mjomba naye alisikia. Golini alikuwa peke yake, hana kazi wakati ule. Alinijia kwa haraka, na nikadhani ana la kuniambia juu ya ile kona. Alisimama chini ya ukuta. Hakunitazama usoni. Alitazama buibui.

"Enda nyumbani," alisema.

"Mjomba, ni kona yetu."

"Nimesema enda. Wewe si mtoto tena."

Akageuka akarudi golini mwake, mgongo umenielekea. Nilingoja ageuke. Nilidhani ni hasira ya mchezo, itampita, atanipungia mkono nibaki. Hakugeuka. Nikashuka. Nataka niseme hili wazi kwa kuwa nimelinyamazia muda mrefu: nilimchukia. Mama nilimsamehe siku ile ile, kwa sababu mama hakunifundisha mpira. Bibi hakujua anachonituma. Lakini huyu alinijua. Alijua kuliko mtu yeyote duniani ananinyima nini.

Nilikuwa nimefika kwenye kichochoro cha kwanza niliposikia kelele. Kelele kubwa, ya bao. Nikasimama nikashika ukuta. Ni letu au lao? Umati unapopiga kelele huwezi kujua. Kibokoni na Mbaraki hupiga kelele ya aina moja. Nikarudi hatua kadhaa, nikasimama, nikaendelea mbele. Muuza halwa aliniuliza nani amefunga, nami nikampita kama sikumsikia. Karibu na nyumbani ikaja kelele ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, na ikaendelea bila kukatika. Nilikaa kizingitini nikaziba masikio, kisha nikayafungua, kisha nikaziba tena.

Bibi alikuwa akinisubiri juu ya ngazi.

"Wamekunywa?"

"Wote."

"Basi watapona, inshallah," alisema, akarudi kwenye tasbihi yake.

Kabla ya magharibi mtaa ulijaa madebe na vigelegele. Tulikuwa tumeshinda. Kombe likaletwa nyumbani kwetu, kwa heshima ya dawa ya bibi, na wanawake wakalijaza sharbati ya waridi na kulipitisha kutoka mkono hadi mkono. Lilipomfikia bibi alilishika masikio, akachungulia ndani, akalizungusha akitafuta maandishi. Mama akamweleza kwamba hili ndilo kombe lenyewe walilokuwa wakilitaka. Bibi alichukua muda kuelewa.

"Hili laponya nini?" aliuliza. Wote walikuwa wameshikilia mbavu zao.

Nilikuwa darini, nikitembea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nilikuwa nimeokota vipande vipande kutoka sauti za chini. Bao la pili lilikuwa letu, lilitokana na ile kona, iliyorudiwa mara mbili. Halafu, dakika za mwisho kabisa, Mbaraki wakapata penalti, na mjomba akaipangua. Mjomba akapanda ngazi. Shingo yake ilikuwa bado na mchanga. Alisimama mlangoni kama anayeomba ruhusa.

"Ndoo hapa, nikuhadithie," alisema.

"Sitaki. Usinihadithie."

Akakaa kidogo, akashuka. Alijaribu tena kesho yake, na tena wiki iliyofuata, siku moja kupitia dirishani wakati nilipokuwa nachambua mchele, na kila mara nikatia vidole masikioni mbele yake mpaka akaacha. Nilikuwa na hoja yangu. Mtu hawezi kukutoa macho halafu akakuletea habari ya alichokiona. Yeye alifikiri nitasahau. Alipaswa anijue vizuri zaidi.

Nikatawa. Miaka ile sikuihesabu kwa miezi. Niliihesabu kwa kelele. Upepo ukivuma kutoka Makadara nilisikia umati, na nikaenda dirisha hili, nikaenda lile, nikitaka kuitambua kelele ni ya nani, na sikujifunza kamwe. Wenzangu walishona, walisuka, walitulia. Mimi nilitembea. Mama alisema nitatoboa sakafu. Nilikuwa nakumbuka kichochoro, mpira wa matambara, ukuta wa mawe ukiwa na moto wa jua chini ya mapaja yangu, na jinsi nilivyokuwa mtu ambaye hakuna aliyemhesabu. Sikujua wakati ule kwamba kutohesabiwa ni bahati.

Msifikiri niligombana na mjomba. Alinitengenezea kitanda changu cha harusi kwa mikono yake, kila nguzo, nami nililia nilipokiona. Wanangu walimpenda. Tulizungumza juu ya kila kitu, hata mpira, timu hii na ile, ila mechi ile moja. Wanaume wakianza kuihadithia barazani, na Kibokoni waliihadithia mpaka wasiokuwa wamezaliwa wakajiona walikuwapo, mimi nilichukua sinia la vikombe nikaingia ndani. Yeye aliniona nikiondoka.

Alifariki mzee, kitandani kwake, mikono yake juu ya shuka bado mipana. Siku ya khitma, baada ya watu kusoma na kula, wanaume walibaki barazani na mimi nilikuwa nyuma ya dirisha nikigawa kahawa. Waliobaki wa timu ile walikuwa wachache, na wote walikuwa wazee wa fimbo. Nilijua watafika kwenye penalti, na walifika. Nikanyanyua sinia niondoke. Lakini safari hii walianza kubishana. Mmoja alisema marehemu aliruka kushoto. Mwingine akaapa ni kulia, kona ya chini. Wa kwanza akamwambia asiyekuwapo na lake halipo, wewe wakati ule ulikuwa umekaa nje umeshikwa na mkakamao wa mguu. Sauti zikapanda. Watu wazima wa umri ule wakitaka kupigana fimbo kwenye khitma.

Yule beki wa Kigiriama, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri, akawaambia wanyamaze. Akageukia dirishani.

"Si mpwa wake yuko hapo ndani?" alisema. "Dada, tuamulie wewe."

Neno lilikuwa limeshafika ulimini: sikuwapo. Marehemu alinirudisha nyumbani. Nilikuwa nimeliweka kwa maisha yangu yote, na sasa palikuwa na watu wa kulisikia. Nilifungua kinywa.

"Yeye mwenyewe kila tukimuuliza," yule mzee aliendelea kabla sijasema, "alituambia hajui. Alifumba macho mpira ulipopigwa. Alikuwa akisema, muulizeni mpwa wangu. Alikuwa ukutani nyuma yangu. Yeye ndiye aliyeona."

Nje wote walikuwa wakiningoja. Nikaliweka sinia chini. Miaka yote hiyo mbele ya wanaume wote wa Kibokoni alikuwa akinipandisha tena juu ya ukuta ule, na mimi nilikuwa nikiondoka na vikombe nisisikie. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Kulia," nilisema. "Kona ya chini."

Wakakubali, wakaomba kahawa nyingine.